Nyumba yangu haianguki

MADO: Tumerudi hewani na kipindi chetu cha kupiga foto za majengo, hapa Lubumbashi, na Trésor leo amekuja na moto. Tangu aingie hajanyamaza. Sema basi, mdogo wangu, ulipatwa na nini huko katikati ya mji?

TRÉSOR: Aksanti, yaya. Ilikuwa Jumanne jioni, jua linashuka, mwanga mtamu. Nimesimama mbele ya jengo moja la etaji nyingi, sitalitaja, napiga foto kwa simu. Sentineli akatoka. Nikasema moyoni, haya, sasa ni mambo ya ruhusa.

MADO: Akachukua simu?

TRÉSOR: Hapana. "Nionyeshe." Nikamwonyesha. Kidole chake kina wino wa daftari la wageni. Akakiweka juu ya kona ya ukuta, pale kwenye kioo cha simu, akashuka nacho taratibu mpaka chini. Akainua kichwa, akalitazama jengo. Akarudi kwenye simu. Halafu: "Mwanangu, nyumba yangu haianguki. Hapa umeiangusha kwa nyuma."

MADO: Ee! Mzee ana jicho!

TRÉSOR: Nilijua utakuwa upande wake.

MADO: Subiri nieleze kwa wanaoanza. Ukiinamisha simu kutazama juu ili kilele kiingie, kuta mbili za pembeni zinaanza kukaribiana kule juu. Watu wanailaumu lenzi, wanakwenda kutafuta ya pesa nyingi. Si lenzi! Ni ule mwinamo. Simu ikisimama wima kabisa, sambamba na ukuta, mistari nayo inasimama.

TRÉSOR: Na nusu ya foto inakuwa barabara, pikipiki na muuza mikate.

MADO: Unakata chini. Au unarudi nyuma. Au unavuka ng'ambo, unamsalimu mtu wa ofisi ya etaji ya tatu vizuri, anakufungulia dirisha. Ikishindikana, unanyoosha kwenye programu, lakini uwe umeacha nafasi pembeni, maana programu inavuta juu na kula kando.

TRÉSOR: Mimi sinyooshi.

MADO: Hunyooshi, tunajua.

TRÉSOR: Na sitanyoosha. Yaya, mtu akisimama chini ya jengo refu anainua shingo. Urefu tunausikia kwenye shingo! Mistari ile inayokimbiliana juu ndiyo inayomwambia anayetazama kwamba nilikuwa chini, mdogo, kwenye vumbi. Ukiinyoosha unasema nilikuwa hewani mbele ya etaji ya nne. Sikuwa hewani.

MADO: Lakini macho yako hayakuona jengo linaanguka. Ubongo unajua kuta zimesimama, unazisimamisha. Sentineli analilinda jengo lile usiku na mchana, na alipoona foto hakusema "ni refu". Alisema umeiangusha nyumba yake.

TRÉSOR: Basi nijibu hili. Bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya shaba ya serikali, utalinyoosha?

MADO: Haya, tumefika kwenye bomba. Kila kipindi tunafika kwenye bomba.

TRÉSOR: Kwa sababu ni bomba! Limezidi mita 150. Nitajie jengo lingine la mji huu lililofika hapo.

MADO: Bomba si jengo. Nani anakaa ndani?

TRÉSOR: Moshi ulikaa ndani! Mji wenyewe ulianza 1910, na 1911 kiwanda kikayeyusha shaba ya kwanza. Bazee wa mtaa wa Kamalondo watakuambia, moshi ukionekana, watu walijua kuna mshahara. Weka bomba na ule mlima mweusi wa takataka za shaba kwenye foto moja, usiandike neno, kila mtu atasema: Lubumbashi.

MADO: Hapo sikukatalii.

TRÉSOR: Sasa, bomba lenyewe limejengwa nene chini, jembamba juu, ili lisimame imara. Umelifungua kwenye programu, unavuta, unavuta, mpaka pande zake ziwe sambamba. Umepata nini? Nguzo. Umelitendea vibaya.

MADO: Ndiyo maana bomba halitumiki kuwa kipimo. Unatafuta pembeni kitu kilicho wima kweli, nguzo ya umeme...

TRÉSOR: Nguzo ya umeme? Ya mtaa gani? Njoo Katuba unionyeshe hata moja iliyosimama wima!

MADO: Kona ya ghala basi. Kona ya nyumba ya matofali. Unanyoosha ile kona, bomba linabaki na wembamba wake wa kweli, ule uliowekwa na fundi. Lakini foto yako, ya kuinamisha simu, inaongeza wembamba wa uongo juu ya wembamba wa kweli. Mtu hawezi kujua upi ni wa fundi na upi ni wako. Hiyo inaniuma.

TRÉSOR: Na ili nisiiname nisimame wapi?

MADO: Simu wima, kamera ya kawaida, si ile ya upana: rudi nyuma kama mita 220. Kilele kitaingia bila kuinama.

TRÉSOR: Mita 220! Hapo katikati kuna ukuta, kuna reli, kuna watu wa usalama.

MADO: Nenda upande wa mto Lubumbashi.

TRÉSOR: Kule linakuwa dogo, linakuwa kijiti. Mimi nataka litutawale, kama linavyotutawala tukiwa chini yake. Tazama mpiga foto Sammy Baloji, mwana wa hapa hapa, aliyezaliwa 1978. Alichukua foto za viwanda vya Gécamines vilivyochakaa, akaweka ndani yake watu wa foto za wakati wa ukoloni. Mambo ambayo jicho halikuona pamoja. Naye kaangusha nyumba?

MADO: Baloji anakata na kubandika, na anataka uone alipobandika. Ni kazi yake, ameifikiria. Wewe unainamisha simu kwa sababu nyuma yako kuna ukuta, halafu unatuambia ni shingo.

TRÉSOR: Ni shingo, yaya.

MADO: Ni ukuta, Trésor.

TRÉSOR: Siachi.

MADO: Na mimi siachi. Wee, hii saa ni ya kweli? Tulikuwa na mafunzo matatu leo: jua, mahali pa kusimama, na ruhusa.

TRÉSOR: Zimebaki dakika mbili. Toa jua.

MADO: Jua, haraka. Tuko kusini ya ikweta, nyuzi kama 11 na nusu hivi. Mwezi wa sita na wa saba jua la mchana liko kaskazini, kuta zinazotazama kusini zinashinda kivulini. Usiende kuzipiga. Zingoje Desemba, jua linapita kidogo upande wa kusini, linateleza juu ya ukuta, kila tofali na kila ukingo wa dirisha unatoka. Tena mvua imeosha hewa. Agosti na Septemba majani yanachomwa porini, mbingu inakuwa nyeupe, jengo halina mahali pa kuanzia wala kuishia.

TRÉSOR: Lakini moshi ule kwa bomba...

MADO: Usianze! Ruhusa, neno moja: majengo ya serikali na ya jeshi usiyapige bila karatasi mkononi. Kwingine salimu kwanza, onyesha foto, futa ukiombwa.

TRÉSOR: Na mahali pa kusimama?

MADO: Hakuna muda, kwaya inangoja studio, wako mlangoni na ngoma zao. Juma lijalo.

TRÉSOR: Juma lijalo naleta foto mbili za bomba, yako na yangu, wasikilizaji waseme.

MADO: Leta. Na simu yangu nitaisimamisha wima. Kwaherini, bandugu.