Mpelelezi Asiye na Bastola: Mvuto wa Tamthilia za Upelelezi za Uingereza

Asanteni kwa kuja, na asanteni zaidi kwa kuzima simu, maana mada yenyewe ni ya watu wanaosikiliza.

Tuanze na kiuno cha mpelelezi. Mtazameni inspekta wa tamthilia ya Uingereza anapovua koti: hana bastola. Hilo si pambo la mtunzi. Askari wa kawaida wa England, Wales na Scotland hatembei na bunduki wala bastola. Wapo wachache waliofunzwa maalumu, na huitwa mambo yakizidi. Ireland ya Kaskazini ni habari nyingine, huko polisi hubeba silaha kila siku. Kwangu mimi, mvuto tunaouzungumzia leo unaanzia hapo. Stelingi wa sinema za Marekani hadithi ikimkwama, mtunzi humpa risasi akatoka. Inspekta wa Oxford hana mlango huo. Lazima aulize. Basi hadithi nayo lazima impe watu wa kuulizwa, muda wa kuwauliza, na kitu kidogo cha kumnasia mtu kwa kauli yake mwenyewe.

Muda kwanza. Januari 1987 kituo cha ITV kilirusha kipindi cha kwanza cha Inspector Morse, kilichotokana na riwaya za Colin Dexter kuhusu Morse, inspekta wa Oxford. Hadithi ya polisi kwenye televisheni ya siku hizo kwa kawaida ilipewa saa moja, na ukitoa matangazo ya biashara unabaki na dakika kama 50. Morse alipewa saa mbili, yaani kama dakika 100 za mchezo wenyewe. Vilitengenezwa vipindi 33 tu hadi mwaka 2000. Ni vichache mno kwa umaarufu ule.

Fanyeni hesabu ya hizo dakika. Katika dakika 50 unaweza kuwa na washukiwa watatu, na mtazamaji mzoefu atamshika muuaji kabla chai haijapoa. Katika dakika 100 unaingiza sita au saba, na hapa ndipo ufundi ulipo: kila mmoja wao anapewa siri yake, isiyohusu mauaji. Huyu ana hawara. Yule amedokoa fedha za chuo. Wa tatu alikuwa amelewa mahali asipotakiwa kuwa. Wote wanamdanganya inspekta, na wote wana sababu ya kudanganya, lakini ni mmoja tu anayedanganya kuhusu maiti. Tamthilia dhaifu utaitambua hapo hapo: wasio na hatia wote wanasema kweli, kwa hiyo mwongo ni muuaji na mchezo umekwisha.

Maiti ya pili huangukia karibu na katikati, na mara nyingi ni ya mtu aliyeona jambo akataka kulipwa ili anyamaze. Ina kazi mbili: inamwondoa mshukiwa tuliyekuwa tumemkamia, na inaamsha waliosinzia. Inaharibika inapokuwa desturi. Midsomer Murders, iliyoanza 1997, imezoea maiti tatu kwa kipindi, tena vijijini kwenye maua na kanisa la mawe, hadi mwaka 2013 mtu akauawa kwa gurudumu la jibini. Sisemi ni mbaya. Sauti ile ya theremini, ala ya umeme yenye mlio wa kutetemeka, kwenye muziki wake imeshakuonya usilie. Ila ukiitazama kwa kutaka fumbo gumu, utalala na njaa.

Sasa sheria. Wengi hawaitazami, nami naona ndiyo injini yenyewe. Mwaka 1984 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya polisi na ushahidi wa jinai, ikaanza kutumika kwa England na Wales Januari 1986, mwaka mmoja tu kabla ya Morse. Chini ya sheria hiyo mtuhumiwa hushikiliwa saa 24 bila kufunguliwa mashtaka. Kwa kosa zito, mrakibu anaweza kuongeza hadi saa 36. Zaidi ya hapo ni mahakama, na mwisho kabisa ni saa 96. Kituoni yupo sajini wa mahabusu, ambaye hapelelezi kesi; kazi yake ni kulinda saa hiyo na haki za aliyefungiwa. Kwa hiyo inspekta anapotazama saa ya ukutani si kwamba anataka kwenda nyumbani. Katika Prime Suspect ya 1991, Jane Tennison, aliyeigizwa na Helen Mirren, anarithi kesi ambayo mtu amekwisha kukamatwa, na inabidi amwachie. Tunamshuku tangu mwanzo. Kinachotuweka kitini ni kama hatia yake itathibitishwa.

Sikilizeni pia onyo linalosomwa wakati wa kukamata. Kwa Kiswahili ni kama hivi: si lazima useme lolote, lakini yaweza kudhuru utetezi wako usipotaja, unapohojiwa, jambo utakalolitegemea baadaye mahakamani, na lolote utakalosema laweza kutolewa kuwa ushahidi. Ile sehemu ya katikati, ya kudhuru utetezi, iliingia mwaka 1995. Hadithi ikiwa ni ya 1990 na inspekta anaisoma, mwandishi hakufanya kazi yake. Na iliingia na faida kwa watunzi: kabla yake, mshukiwa aliyenyamaza alikuwa amenyamaza tu. Baada yake, ukimya wenyewe una gharama, na kila swali lisilojibiwa lina uzito. Ukivuka kwenda Scotland, kwenye tamthilia ya Shetland kwa mfano, sheria ni nyingine: kesi inataka ushahidi wa vyanzo viwili, na ndiyo maana wapelelezi wa huko huongozana wawili wawili hata kwa jambo dogo.

Chumba cha mahojiano hakuna aliyekitumia kama Line of Duty, iliyoanza 2012. Najua, humo risasi zipo nyingi. Lakini kumbukeni vilele vyake viko wapi. Meza moja. Upande huu wapelelezi wa AC-12, kikosi kinachochunguza polisi wenzao. Upande ule mtuhumiwa na mtetezi wake. Kinasa sauti kinabonyezwa, kinalia mlio mmoja mrefu, hakuna anayesema hadi mlio ukatike. Mtuhumiwa anadai haki yake ya kuhojiwa na ofisa anayemzidi angalau cheo kimoja, nasi tunaanza kupiga hesabu ya vyeo. Kisha nyaraka zinatolewa kwa namba, moja baada ya nyingine. Mandhari kama hiyo huweza kuzidi dakika 20, bila mtu kuinuka kitini. Utaratibu ndio unaozuia ichoshe: kila karatasi inafunga mlango mmoja, na mtazamaji anaona milango iliyobaki. Mwandishi akiiga mlio na meza, akasahau kupanga karatasi kutoka nyepesi kwenda nzito, atapata watu wanaogombana tu.

Msaidizi je? Anahitajika kwa sababu fikra hazionekani kwenye kioo. Lazima mpelelezi aongee na mtu. Wasomaji wa Kiswahili wanalijua hili tangu Bwana Msa na kiko chake, na Najum pembeni akiuliza tunachotaka kuuliza sisi. Kwenye riwaya za mwanzo za Morse, Lewis alikuwa mtu mzima wa Wales. Televisheni ikamfanya kijana wa kaskazini mwenye mke na watoto, anayelipa bia za bosi wake. Yale mabadiliko yaliongeza ukali: sasa kila swali la Lewis lina tabaka na umri ndani yake.

Kuhusu kuficha dalili nitataja njia ninazoziheshimu. Itaje dalili kisha simu ilie papo hapo. Itie katikati ya orodha, kamwe isiwe ya mwisho. Mpe mtu wa kuchekesha aiseme, maana tukicheka hatupimi. Au ionyeshe kwa picha bila neno lolote. Kosa kubwa kuliko yote ni kuileta dakika kumi kabla ya mwisho, kwa barua au shahidi mpya, mtazamaji hasamehi. Kuna mzaha wa Barrington Pheloung, mtunzi wa muziki wa Morse, ambao naupenda: mdundo wa ufunguzi unataja jina MORSE kwa alama za simu ya upepo, ambazo nazo huitwa Morse: vistari viwili, vistari vitatu, nukta na kistari na nukta, nukta tatu, nukta moja.

Makosa mengine haraka. Mwigizaji maarufu kupewa nafasi ndogo: kila mtu nyumbani anamnyooshea kidole. Daktari wa maiti kutaja saa kamili ya kifo: mwili hupoa karibu nyuzi moja ya Selsiasi kwa saa, lakini nguo, unene, upepo na sakafu hubadilisha yote, kwa hiyo daktari mkweli husema kati ya saa tatu na saa sita usiku, na hapo ndipo watu wanapopata pa kujificha. Na sheria kuchezewa: msimu wa pili wa Broadchurch, 2015, ulilalamikiwa sana kwa kesi yake ya mahakamani. Hata hivyo chanzo chake kilikuwa safi. Ungamo la mshtakiwa lilitupwa kwa sababu alipigwa akiwa mikononi mwa polisi. Mpelelezi asiye na bastola alitumia ngumi, na maneno yote yakapotea.

Msimu wa kwanza wa tamthilia hiyo, wa 2013, ndio tutakaoutazama sasa, mwanzo wake tu. Baba anatembea barabarani asubuhi kwenda kazini, anasalimiana na watu, kamera inamfuata bila kukatwa. Bado hajui kuwa mtoto wake amekufa. Chukueni kalamu, mwandike kila anayesalimiwa na anachokisema. Wengi wao mtakutana nao tena wakiwa washukiwa. Naomba aliye karibu na swichi atuzimie taa.