Kalsiamu katika Chakula cha Simbilisi

Wazee wetu, kina mama, na ndugu wafugaji wenzangu wa Moshi mjini na wa vijiji vya mlimani, nimeombwa nizungumzie lishe ya simbilisi, nami nimechagua jambo moja tu, yaani kalsiamu, kwa sababu ndiyo inayotudhuria wanyama hawa huku tukiamini kwamba tunawatunza vizuri.

Mwili wa binadamu ukishapata kalsiamu ya kutosha, utumbo hupunguza kuifyonza, na inayobaki hutoka pamoja na kinyesi. Simbilisi hakuumbwa hivyo. Utumbo wake hufyonza kalsiamu kwa kadiri anavyoila, kisha figo ndizo huachiwa kazi ya kuitoa ziada kwa njia ya mkojo. Na kwa kuwa mkojo wake kwa asili ni wa alkali, kalsiamu hiyo huganda kwa urahisi ikawa kaboneti, dutu ileile iliyomo katika mawe ya chokaa. Kwa sababu hiyo mkojo wa simbilisi mzima huwa na ukungu kidogo na huacha alama nyeupe unapokauka, jambo ambalo halipaswi kumtisha mtu. La kutisha ni pale alama hiyo inapokwaruza vidoleni kama mchanga, maana chembe hizo zikishikamana kibofuni huwa jiwe.

Mama mmoja aliwahi kuniletea dume aliyejikunja mgongo, akilia kila alipojaribu kukojoa, na nyasi alizolalia zilikuwa na damu. Nilipomuuliza anamlisha nini, alinijibu kwamba humpa kilicho bora kabisa: mchicha kila jioni, na asubuhi konzi ya chakula cha kuku wa mayai. Dume yule alikufa, na tulipompasua tulikuta jiwe limeziba njia ya mkojo, ambayo kwa dume ni nyembamba sana. Mama yule hakuwa mzembe hata kidogo, na ninaumia kila ninapomkumbuka. Chakula cha kuku wa mayai huwekwa kalsiamu ya asilimia 3.5 hadi 4 kwa sababu kuku anajenga ganda la yai, ilhali simbilisi anahitaji takriban asilimia 0.8 ya chakula chake kikavu. Mchicha nao una zaidi ya miligramu 200 za kalsiamu katika kila gramu 100, tena una oksaleti, dutu inayoshikana na kalsiamu na kuwa chembe ngumu.

Msingi wa lishe yake, basi, uwe nyasi kavu, nazo zisikosekane bandani usiku na mchana: nyasi za Rhodes, au zile tunazozibeba kutoka tambarare kwa ajili ya ng'ombe wa kihambani, mradi zimeanikwa vizuri na hazina ukungu. Lusina, yaani alfalfa, ina kalsiamu nyingi, hivyo tuwaachie majike wenye mimba, wanaonyonyesha na watoto wanaokua. Hao tukiwanyima kalsiamu tutawaumiza kwa namna nyingine. Sukuma wiki, figiri na mchicha si sumu, ila viwe majani machache ya kubadilishana. Jiwe la madini la kulamba liondolewe kabisa.

Najua wengi hutoa mboga hizo kwa ajili ya vitamini C, na hoja yao ni ya kweli, kwa kuwa simbilisi, kama sisi, hawezi kujitengenezea vitamini hiyo, naye huhitaji miligramu 10 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Lakini pilipili hoho ya kijani ina takriban miligramu 80 za vitamini C katika gramu 100, na kalsiamu yake ni karibu miligramu 10 tu. Kipande cha gramu 30 kwa siku kinatosha kwa mnyama wa kilo moja. Maji safi yawepo wakati wote, maana mkojo mwepesi hupunguza nafasi ya chembe kugandamana.

Jiwe likishakuwepo, hakuna chakula kitakacholiyeyusha. Dume asiyetoa mkojo apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, wala asipewe vidonge vya amoksilini vilivyobaki nyumbani, kwa kuwa dawa za jamii ya penisilini zikinyweshwa huua bakteria wema wa tumboni mwake na zinaweza kumuua yeye mwenyewe. Jike mwenye damu kwenye mkojo achunguzwe na mfuko wa uzazi pia, kwani damu hiyo huenda imetoka huko.