Kabla ya kumwangusha mtu, jifunze kuanguka

Habari zenu wapenzi wangu, wa Tanga, wa Dar, wa Unguja, wa Mombasa, na nyie mnaoniangalia usiku huu mkiwa Muscat. Leo sipo jikoni. Nimekaa kwenye ngazi za ukumbi tunaofanyia mazoezi hapa London, jasho bado halijakauka. Tangu niweke ile picha nimefunga mkanda wa judo, mmenijaza ujumbe: "Dada, tufundishe kumwangusha mtu." Mdogo wangu mmoja wa Mbagala kaniandikia kwamba anatoka kazini saa nne usiku, na njia ya kutoka kituoni hadi kwao ina vibaka wanaopiga watu roba. Nimeusoma ujumbe wake mara tatu. Video hii ni yake, na naanza na mkono wangu huu.

Mnapaona hapa, juu kidogo ya kiganja? Palivunjika miaka minne iliyopita. Mimi nahudumia wazee, nilikuwa natoka zamu ya usiku. Nimeshuka kwenye basi alfajiri, kijana akauvuta mkoba wangu kwa nyuma. Hakunipiga hata kofi. Alivuta tu, nikayumba, nikaenda chali, nikatanguliza mkono nyuma nijizuie. Mkoba ulikuwa na khanga, chupa ya chai na funguo. Uzito wangu wote ukaja juu ya kiganja kimoja, mfupa ukakatika. Wiki sita nimefungwa hogo, hata kusuka nywele za mwanangu siwezi.

Kwa hiyo nilipokuja hapa nilitaka kujifunza kupiga. Mwalimu wetu, mama wa makamo, mfupi kuliko mimi, akatuweka mwezi mzima tunaanguka. Kuanguka chali, ubavu, kujiviringisha kupitia bega. Wajapani wanaita ukemi. Nilikereka, nikaona napotezewa muda. Leo nawaambia ndilo somo ninalolithamini kuliko yote.

Angalieni. Unachuchumaa kwanza, usianzie wima. Kidevu kifuani, macho kwenye fundo la mkanda wako, ili kisogo kisiguse chini. Mgongo uwe wa mviringo kama ganda la nazi. Unaviringika kwenda nyuma huku ukitoa pumzi, na mgongo unapogusa mkeka, mikono miwili inapiga chini kwa pamoja, viganja vikitazama sakafu, karibu na mwili, usiinyooshe kama mabawa. Ule mshindo mnaousikia ndio unaogawa nguvu ya kuanguka, isiende yote sehemu moja. Mkono hautangulii kamwe. Kamwe, jamani.

Sasa hii kitu imetoka wapi? Zamani Japani askari wa upanga, masamurai, walikuwa na mieleka yao ya vitani, jujutsu, kwa sababu mtu aliyevaa deraya huwezi kumuumiza kwa ngumi. Unamkamata, unamwangusha, unammaliza chini. Shule za jujutsu zilikuwa nyingi, na ya Takenouchi inahesabiwa kuanza mwaka 1532. Halafu utawala wa masamurai ukaondoka, mwaka 1876 wakakatazwa kubeba panga hadharani, na walimu wa jujutsu wakakosa wanafunzi. Wengi waliishi kwa kuunga mifupa.

Hapo anaingia Kano Jigoro, aliyezaliwa mwaka 1860. Kijana mdogo wa umbo, msomi, akionewa shuleni na waliomzidi nguvu. Alitamani jujutsu, ila baba yake aliiona imepitwa na wakati. Akafanya nini? Akawa anatafuta waunga mifupa wa Tokyo mmoja mmoja, akiwauliza kama wanajua jujutsu! Ndivyo alivyompata mwalimu wake wa kwanza, Fukuda Hachinosuke, mwaka 1877. Nikifikiria kijana yule anabisha hodi kwa waganga wa mifupa akitafuta elimu ambayo wenzake hawaitaki tena, najisikia kama namjua.

Mwaka 1882, akiwa na umri wa miaka 21, akafungua shule yake ndani ya hekalu la Eisho-ji. Mikeka 12, wanafunzi 9. Akaiita Kodokan, na mchezo akauita judo. Kubwa alilofanya, kwa maoni yangu, ni hili: mbinu za kuvunja viungo na kupiga sehemu za hatari akazitenga zifundishwe kwa mpangilio, pole pole, watu wawili wakielewana. Zilizobaki, za kuangusha, kubana chini, kukaba, na kufunga kiwiko, wanafunzi wakaruhusiwa kuzifanya kwa nguvu zote, na mwenzako anakataa kwa nguvu zote. Wanaita randori. Mbinu ya hatari sana huwezi kuijaribu kikweli kwa mwenzako, maana utamuumiza. Kwa hiyo unaijua kwa macho tu. Ngwala ya judo naipiga mara mia kwa wiki juu ya watu wasiotaka kuanguka. Ndiyo maana zile video fupi za "mbinu tano za kumshinda kibaka" zinanitia hofu. Binti anaziangalia, anaamini, na hajawahi hata siku moja kushikwa na mtu anayemkatalia.

Mama zangu mnauliza, haya si mambo ya wanaume? Hapa hapa London, zaidi ya miaka mia iliyopita, Wajapani wawili wenye miili midogo, Yukio Tani na Sadakazu Uyenishi, walikuwa wakiwaangusha miamba wa mieleka kwenye kumbi za maonyesho. Mwanamke mmoja Mwingereza, Edith Garrud, akajifunza jujutsu, naye alikuwa na urefu wa kama sentimita 150 tu. Akaanza kuwafundisha wanawake waliokuwa wakidai haki ya kupiga kura. Mwaka 1913 serikali ikatunga sheria ya kuwaachia wafungwa wanawake waliogoma kula, wapate nguvu, kisha wakamatwe tena. Wanawake wakaunda kikosi cha kama watu 30 cha kumlinda kiongozi wao, Emmeline Pankhurst, asikamatwe tena. Bi Garrud akawafunza kwa siri, wakihamahama kutoka ukumbi mmoja hadi mwingine. Wakibanwa na polisi, walijua kujichomoa na kumwangusha mtu kwa uzito wake mwenyewe.

Na Japani kwenyewe, mjukuu wa yule Mzee Fukuda, Bi Keiko Fukuda, aliingia Kodokan mwaka 1935. Wanawake hawakupandishwa zaidi ya dani ya tano, yaani daraja la tano la mkanda mweusi. Yeye akakaa hapo miaka na miaka, mpaka 1972 ndipo wakampa ya sita. Alipofika 2011, yuko Marekani na umri wa miaka 98, akapewa ya kumi. Linanichoma hilo la kumsubirisha, na linanipa nguvu kwamba hakuvua sare.

Haya, mdogo wangu wa Mbagala, tusogee karibu. Mtu amekukamata kifundo cha mkono. Usivute kinyumenyume, hapo mnashindana nguvu na atakushinda. Tazama kiganja chake: upande mmoja vidole vinne, upande mwingine kidole gumba peke yake. Pale gumba linapokutana na vidole ndipo mlango ulipo. Geuza mkono wako upande mwembamba uelekee mlango huo, kunja kiwiko ukisogeze kwake, ingia hatua moja, mkono unatoka. Umeona nimemsogelea? Akivuta, nenda naye. Nguvu yake inamyumbisha mwenyewe. Wajapani wanaita kuzushi, kumtoa mtu kwenye mizani yake, na ndiyo roho ya judo nzima. Ukishachomoka, kimbia na upige kelele. Akiwa na kisu, mpe mkoba. Na roba sikufundishi kwa simu, kwa sababu lazima mtu akushike shingo kikweli mbele ya mwalimu anayejua wakati wa kusema acha. Tafuta mwalimu. Nyumbani judo ipo, na Paris 2024 tulimwona Andrew Thomas Mlugu akiiwakilisha Tanzania.

Mwezi wa kwanza mwaka huu nilikuwa nakimbilia basi, barabara ina barafu nyembamba usiyoiona. Miguu yote miwili ikaondoka. Sikuwaza chochote. Nilisikia tu mshindo wa viganja vyangu kwenye lami, kisogo hakijagusa, na nikajikuta nimelala naangalia taa ya barabarani. Nikanyanyuka, nikatikisa koti, nikaingia kwenye basi.

Kwa hiyo wiki hii usijifunze kingine. Tandika godoro chini, sogeza meza mbali, mwambie dada yako akuangalie kidevu. Mara ishirini ukianzia kuchuchumaa, kila jioni. Jumapili jirekodi video, unitumie.