McDowell: Kaunti Iliyojaa na Kupungua, Nyumba Zikabaki

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Jioni hii tuko McDowell, kaunti ya kusini kabisa mwa jimbo la West Virginia, Marekani. Milima imebanana, mabonde ni membamba, na sensa ya 1880 ilikuta huko watu 3,074 tu. Mwaka 1888 reli ya Norfolk and Western ikatoboa mlima kuyafuata makaa ya mawe, na watu wakamiminika: Wamarekani weusi kutoka majimbo ya Kusini, Wataliani, Wahungaria. Mwaka 1900 walifika 18,747. Mwaka 1950, 98,887.

Walilala wapi wote hao? Kampuni ndizo zilizojenga. Mji wa Gary ulijengwa na kampuni ya chuma ya U.S. Steel na ukapewa jina la mwenyekiti wake, Elbert Gary. Nyumba nyingi za migodini zilikuwa za chapuchapu: mbao zinasimamishwa wima, zinapigiliwa misumari juu na chini, kila upenyo kati ya ubao na ubao unazibwa kwa papi, yaani kipande chembamba cha mbao. Fremu ya nguzo hamna. Ukuta ni huo ubao mmoja, na nje theluji. Watu walibandika magazeti kwa ndani kuzuia upepo. Kodi ilikatwa mshahara ukiwa bado haujashikwa, na aliyegoma aliweza kutolewa vyombo nje, yeye na watoto. Ndiyo maana nikisikia kwamba kampuni "ziliwapa" watu makazi, huwa nacheka kidogo.

Baada ya 1950 mashine zikachukua kazi ya mikono. Kufikia 1960 wakazi walikuwa 71,359. Kampuni, zilipoona nyumba zimegeuka mzigo, zikawauzia wachimbaji wenyewe. Mtu anapata hati ya nyumba, kazi inayoyoma. Sensa ya 2020 ilihesabu 19,111, karibu sawa na 1900.

Sasa tahadhari kwa wanaopenda majedwali. Sensa ya Marekani ilianza kuuliza mwaka wa kujengwa nyumba mnamo 1940, na siku hizi kundi kongwe zaidi huandikwa "1939 au kabla". Nyumba ya papi ya 1895 na nyumba imara ya 1938 zinahesabiwa pamoja. Hata kwa macho utadanganyika, maana nyingi zimevishwa plastiki au alumini kwa nje. Fungua dirisha, pima unene wa ukuta.