Mtoto wa Kiti cha Nyuma: Mzazi Anapomrithisha Mwanawe Pikipiki

MAMA JUNIOR: Wasikilizaji wetu, karibuni tena. Leo tunazungumzia jambo lililomo katika nyumba nyingi, ingawa mara nyingi halisemwi mpaka ajali itokee, nalo ni la mzazi mwenye pikipiki na mtoto anayetamani kuipanda na baadaye kuiendesha. Baba Zuhura, wewe ndiye uliyependekeza mada hii. Kwa nini sasa?

BABA ZUHURA: Asante, Mama Junior. Ni kwa sababu binti yangu ametimiza miaka 18 mwaka huu, amepata leseni ya kujifunzia, na kila Jumapili asubuhi tunakwenda naye kwenye uwanja wa mpira kabla vijana hawajaanza mazoezi. Nilidhani ninamfundisha mtu asiyejua lolote. Kumbe nilikuwa nimeshamfundisha miaka mingi bila kujitambua, mema na mabaya, kwa kuwa tangu alipokuwa darasa la tatu amekaa nyuma yangu akinitazama.

MAMA JUNIOR: Umenikumbusha marehemu baba. Alikuwa bwana shamba kule Njombe miaka ya 1990, wakati ambapo ukisikia mlio wa pikipiki kijijini unajua ni bwana shamba, bwana afya au padri. Alikuwa na Honda XL 125, na kabla ya kunipeleka shule alikuwa akibonyeza tairi kwa kidole gumba, akiinua mnyororo kwa kidole kuona kama umelegea kupita upana wa vidole viwili, kisha ananisimamisha nyuma, yeye anakanyaga breki, nami napaza sauti: "Inawaka!" Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Asubuhi moja yenye ukungu nilijibu, "Haiwaki." Alizima injini, akavua koti, akafungua taa ya nyuma na kuanza kusafisha waya kwa kisu kidogo, huku mimi nikilia kwamba nitachelewa namba. Nilichelewa kweli. Hakunipa hotuba yoyote kuhusu usalama, lakini mpaka leo siwezi kukiondoa chombo bila kuitazama taa ile.

BABA ZUHURA: Mimi nilianza vibaya, na ninalisema hili kwa uchungu. Zuhura alipokuwa na miaka sita nilikuwa nikimweka mbele, juu ya tangi, kwa sababu hapo ninamwona na mikono yangu inamzunguka. Wazazi wengi huamini kwamba hapo ndipo salama zaidi. Siku moja mbuzi alikatiza njia, nikafunga breki, na kidevu cha mtoto kikagonga mita ya spidi. Alishonwa nyuzi tatu. Tulikuwa kwenye mwendo mdogo sana, pengine wa baiskeli. Nilipokaa baadaye kulifikiri tukio lile nikaona kwamba mtoto aliye mbele ya dereva hana cha kumzuia ila usukani, na mwili wa dereva unakuja kumkandamiza kutoka nyuma. Zaidi ya hapo, magoti yake huzuia usukani usikate kona yote.

MAMA JUNIOR: Na nyuma napo si kila mtoto anafaa. Kanuni za Tanzania za mwaka 2010 kuhusu leseni za kusafirisha abiria kwa pikipiki na bajaji zinamkataza dereva wa bodaboda kumbeba mtoto wa chini ya miaka 9. Mzazi anaweza kusema kwamba yeye si bodaboda, pikipiki ni yake na mtoto ni wake, ila mifupa ya mtoto haimjui mwenye chombo.

BABA ZUHURA: Kipimo changu siku hizi ni miguu. Kama nyayo hazikanyagi vikanyagio vya abiria zikatulia, safari haipo, awe na miaka 9 au 11. Mguu unaoning'inia hutafuta pa kujishikiza, na upande mmoja kuna spoki zinazozunguka, upande wa pili kuna ekzosi ya moto. Kisigino kikiingia kwenye spoki, jeraha lake ni baya mno. Ndiyo maana nilimfundisha Zuhura kushukia kushoto, kwa sababu ekzosi ya pikipiki yetu iko kulia, na kusubiri nimwambie "shuka" kabla hajainua mguu. Akina mama nao nawaomba sana kuhusu khanga na mitandio, waikunje na kuikalia, kwa maana ncha moja ikishikwa na mnyororo humvuta mtu mzima.

MAMA JUNIOR: Na mishikaki ya asubuhi je? Baba, mtoto, mtoto, na mama nyuma kabisa.

BABA ZUHURA: Ninaielewa hali inayowafikisha watu hapo, kwa sababu nauli za watoto watatu kila siku si mchezo. Hata hivyo siwezi kuitetea. Sheria ya Trafiki ya Kenya inasema abiria mmoja tu kwa pikipiki, na ukishaendesha na mzigo wa watu watatu nyuma utaelewa sababu: pikipiki inachelewa kusimama, na gurudumu la mbele linakuwa jepesi kiasi kwamba usukani haukutii.

MAMA JUNIOR: Tuje kwenye kofia ngumu, kwa sababu hapa ndipo ninapokwazika zaidi. Asubuhi, karibu na shule yoyote, utamwona baba amevaa kofia yake, kaifunga vizuri, na nyuma yake mtoto mwenye kichwa kitupu. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kofia ngumu hupunguza uwezekano wa kufa katika ajali kwa takriban asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Mtoto hajui takwimu hizo, lakini anaona kwamba kofia ni ya mkubwa, na kwamba ni kitu cha kuwaonyesha askari.

BABA ZUHURA: Na akivalishwa, huvalishwa ya baba. Kofia ya mtu mzima inaweza kufika kilo moja na nusu, nayo kwenye kichwa cha mtoto hugeuka kama sufuria. Wasikilizaji wafanye jaribio hili dukani kabla hawajalipa. Mfungie mtoto mkanda wa kidevu ubane kiasi cha kupitisha vidole viwili tu, mwambie atikise kichwa, kisha shika kofia kwa nyuma, chini kabisa, uivute kuelekea mbele. Ikivuka na kumtoka, mrudishie muuzaji. Na ikishadondoka kwa kishindo sakafuni, tabaka la ndani linalopokea pigo linaweza kuwa limeshabonyea hata kama nje inang'aa.

MAMA JUNIOR: Sasa tuingie uwanjani. Siku ya kwanza ulimwambia nini binti?

BABA ZUHURA: Siku ya kwanza hatukuwasha injini. Alisukuma pikipiki kuzunguka uwanja wote, akaiegesha, akaiinamisha kidogo kila upande ili ajue uzito wake unaanzia wapi kumshinda. Jumapili ya pili tukawasha, na kwa karibu saa nzima kazi ilikuwa moja: kukaba klachi, yaani kile kishikio cha mkono wa kushoto kinachotenga nguvu ya injini na gurudumu, kuingiza gia ya kwanza, kuiachia klachi mpaka pale inapoanza kushika, kisha kuikaba tena. Kwenda mbele kulikuwa bado. Mwanafunzi huangushwa na jambo moja zaidi ya mengine yote. Pikipiki inaruka mbele, mwili unabaki nyuma, na mkono wa kulia, kwa kujishikilia, unazidi kuvuta mafuta. Kadiri anavyoogopa ndivyo chombo kinavyokimbia. Mkono wa kushoto ukishazoea kukaba klachi kabla akili haijafikiri, hofu hiyo inakatika.

MAMA JUNIOR: Wenzetu Uganda wana njia nyingine. Katika motokrosi, yaani mbio za pikipiki kwenye njia za udongo na matuta, pale Garuga karibu na Entebbe, watoto hushindana katika madaraja yanayoanzia pikipiki zenye injini ya sentimita za ujazo 50, na wazazi ndio wanaowafunga viatu na kuwasukuma kwenye mstari wa kuanzia. Kuna pikipiki ndogo ya Yamaha, PW50, iliyoanza kuuzwa mwaka 1981, ambayo haina klachi wala gia za kubadilisha, na ina skrubu ya kuzuia mafuta ili mzazi aamue mtoto akimbie kiasi gani.

BABA ZUHURA: Skrubu ile ninaitamani kwa kila pikipiki ya kujifunzia. Gharama zake, hata hivyo, ziko mbali na familia nyingi, na uwanja uliofungwa ni tofauti na barabara yenye malori. Kenya wameweka ngazi kwa umri: leseni ya pikipiki yenye injini isiyozidi sentimita za ujazo 50 kuanzia miaka 16, pikipiki ya kawaida miaka 18, na ya kubeba abiria kwa malipo miaka 21. Naona mpangilio huo una busara, hasa ngazi ya mwisho, kwa sababu kumbeba mtu ni somo linalojitegemea.

MAMA JUNIOR: Na wewe ulikubali lini kubebwa?

BABA ZUHURA: Jumapili iliyopita, ndani ya uwanja kwanza, kisha kwenye kile kijia cha nyuma cha shamba la mjomba, ambako hakuna magari. Nilikaa kiti cha nyuma kwa mara ya kwanza katika maisha ya pikipiki ile. Aliniambia niweke miguu vizuri. Kabla ya kukata kona aligeuza shingo kutazama begani, vilevile ninavyofanya mimi, hata ule mtindo wangu wa kuinua kiwiko kidogo anao. Moyo ulijaa furaha. Kisha tukafika kwenye mteremko wa kuingia mtoni, nikasikia injini inanyamaza. Alikuwa ameweka nyutro, yaani ameitoa kwenye gia zote.

MAMA JUNIOR: Ili kuokoa mafuta.

BABA ZUHURA: Ndiyo. Sikuwahi kumfundisha hilo hata siku moja. Ila kwa miaka yote ile, kila mteremko, nimekuwa nikiweka nyutro na kuiacha pikipiki iserereke, na yeye alikuwa nyuma yangu akisikia injini ikinyamaza mahali palepale. Katika nyutro injini haikusaidii kushika mwendo, kazi yote inaangukia breki, na breki ikikanyagwa mfululizo hupata moto na kulegea. Nilimwomba asimame. Nilimwambia kosa lile ni langu.

MAMA JUNIOR: Alijibuje?

BABA ZUHURA: Aliuliza, "Sasa baba, wewe utaacha?" Nikamjibu kwamba nitaacha. Tukapanda tena mpaka juu ya mteremko, nikaendesha mimi, yeye nyuma, tukashuka kwa gia ya pili injini ikivuma njia nzima. Tukarudia mara nne. Jana nilipomchukua kutoka sokoni, tulipofika kwenye mteremko wa darajani, alinigusa bega.