Povu Halifui Nepi

Mwenyekiti, akina mama, na akina baba watatu mliojibanza pale mlangoni mkidhani siwaoni: nashukuru kwa kunialika tena. Mwaliko unasema nije nitaje sabuni bora ya kufulia nepi za kitambaa. Sitaji. Kila nikitaja jina, wiki inayofuata simu inalia: "Mwalimu, nimenunua ile ile uliyosema, mbona nepi bado zinanuka?" Nauliza, unafulia maji gani? Kimya. Yaani mtu kazunguka maduka yote akilinganisha bei na picha za watoto kwenye pakiti, na maji hakuyafikiria hata kidogo.

Haya, maji. Hapa Dar es Salaam kuna wanaopata maji ya bomba kutoka Ruvu, na kuna wa kisima. Wa kisima mnajijua: birika lina ukoko mweupe ndani, na ukioga sabuni inagoma kutoa povu. Hayo ni maji magumu, yamebeba kalsiamu na magnesiamu. Sabuni ya mche ikikutana na kalsiamu inaacha uchafu inashikana nayo, inakuwa ule utando wa kijivu unaobaki ukingoni mwa beseni. Kwenye beseni unausugua, unatoka. Kwenye nepi unaingia katikati ya nyuzi unakaa humo, na kila ukifua unaongezeka. Mwisho nepi inakuwa kavu, inakwaruza, na mkojo haunyonywi, unateleza kwenda mapajani. Mama anasema nepi zimechakaa, anataka mpya. Hazijachakaa. Zimeshiba sabuni.

Namsikia mmoja anasema, "Mbona mama yangu alitufulia sabuni ya mche na tumekua?" Ni kweli mmekua. Lakini mama yako alikinga maji ya mvua, na maji ya mvua ni laini, sabuni ya mche inafanya kazi humo bila wasiwasi. Tena alikufunga kipande cha kanga kuukuu, kitambaa chembamba kinachosuuzika upesi na kukauka kabla ya adhuhuri. Wewe una nepi nene ya taulo, au ile ya kisasa yenye mfuko na pedi ndani, na maji ya kisima. Ukimwiga mama, mwige na kwenye maji.

Unga wa kufulia ni jambo jingine kabisa, na watu wengi wanauita sabuni bila kujua kwamba si ndugu wa mche. Tide, unga wa kufulia wa namna hiyo, ilipoingia sokoni Marekani mwaka 1946, kilichoiuza ni hicho hasa: ilifua kwenye maji magumu bila kuacha utando. Kwa hiyo wa kisima, chukueni unga. Na magadi, haya ya sokoni ya kupikia maharage, yanalainisha maji. Yayeyushe kidogo kwenye ndoo, uache yatulie, uchafu na chokaa vishuke chini, uchote ya juu. Usiyapuuze kwa kuwa ni ya bei rahisi.

Sasa nifike kwenye ugomvi wangu. Povu.

Povu ni hewa, jamani. Kinachotoa uchafu ni chembe za sabuni zenye ncha mbili, moja inapenda maji na nyingine inapenda mafuta. Zinaufunga uchafu, zinaondoka nao, na kazi hiyo zinaifanya hata povu lisipoonekana. Hamniamini? Tazameni unga wa mashine ya mlango wa mbele. Umetengenezwa makusudi usitoe povu, kwa sababu povu likizidi nguo zinaelea, hazigongani, mashine inashindwa kazi. Na nguo zinatoka safi. Unga wa kufulia kwa mkono umetengenezwa utoe povu jingi kwa sababu mtengenezaji anakujua: usipoona povu utasema sabuni hafifu, na kesho utanunua ya mwenzake.

Mimi hilo lisingenisumbua kama maji ya kusuuzia yangekuwa bure. Lakini wangapi hapa mnanunua maji kwa dumu? Nyosheni mikono. Mnaona. Dumu la lita 20 moja la kufulia, la pili la kusuuzia, basi, la tatu ni la kupikia. Unga wa povu jingi hausuuziki kwa dumu moja, na kila ukichovya nepi bado inateleza mkononi. Ndiyo maana nasema, na nitasema mpaka mnichoke: sabuni ya nepi inachaguliwa kwa maji ya kusuuzia uliyonayo. Ukiwa na maji kidogo, nunua unga wa povu kidogo, huo wa mashine, hata kama mashine huna. Unaukausha mkono? Kidogo, ndiyo. Paka mafuta ukimaliza. Ngozi ya mtoto ndiyo iliyofungiwa ndani ya nepi usiku kucha.

Mwaka jana kwenye kikao kama hiki alisimama mama mmoja kunibishia. Na alikuwa na haki ya kubisha, maana nepi zake alizokuja nazo mfukoni zilikuwa nyeupe, zimekunjwa kwa mstari, zinanukia maua. Mtoto wake ana upele mapajani, krimu tatu zimeshindwa, na amekuja kuambiwa krimu ya nne. Nikamwambia, mama, nipe nepi moja, safi kabisa, iliyokauka. Tukaomba beseni jikoni, tukatia maji matupu. Ikamue. Akakamua. Maji yakawa meupe, na povu juu. Ukumbi kimya. Mwaga, tia mengine. Akakamua tena, povu tena. Tukaenda hivyo mpaka beseni la nne ndipo maji yakaonekana maji. Pembeni alikaa mama mkwe wake, kajifunga kitenge chake vizuri, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nje, "Si nilisema?" Kumbe ndiye aliyemfundisha mkamwana wake kutia vikombe viwili, nepi "ziive". Sikulifuatilia hilo, kila mtu ana nyumba yake. Lakini jaribio lenyewe chukueni mkalifanye leo. Nepi kavu, maji matupu, kamua. Likitoka povu, usiguse sabuni tena. Suuza mpaka liishe. Na wale ambao nepi zenu zimekataa kunyonya, dondosheni tone la maji juu ya nepi kavu. Likikaa pale linabingirika, utando upo, au krimu ya upele imeganda humo.

Weupe nao usiwadanganye. Unga mwingi una dawa inayobaki kwenye kitambaa kwa makusudi. Inashika miale ya jua isiyoonekana na kuirudisha kama mwanga wa buluu, jicho linaona weupe. Bibi zetu walitia bluu kwenye kanzu kwa nia hiyo hiyo, ila hakuna aliyesema kanzu imefuliwa na bluu.

Sasa, kupunguza povu si kupunguza sabuni mpaka isifue. Hilo nalo limeenea, mtu anatia kijiko cha chai kwenye nepi kumi eti ngozi ya mtoto laini, halafu nepi ikilowa tu inanuka amonia, macho yanawasha. Amonia hiyo inatoka kwa bakteria waliobaki kwenye kitambaa, wanaovunja urea ya mkojo. Na inaleta hasara zaidi ya harufu: inapandisha ubesi, hali kama ya magadi, kwenye ngozi, na vimeng'enya vya kinyesi, vile vinavyovunja chakula tumboni, vikipata hali hiyo vinachangamka na kuila ngozi. Tia kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti, halafu suuza.

Vimeng'enya vya kwenye unga wa kufulia, hivyo mnaviogopa bure. Ndivyo vinavyokatakata protini ya kinyesi na ya maziwa. Vikisuuzwa vinaondoka. Ila havitaki maji ya kuchemka, yanaviua. Maji ya vuguvugu yanatosha. Tena ukianza na maji ya moto kwenye kinyesi unalipika doa, halitoki tena. Ondoa kinyesi chooni, suuza kwa maji baridi, ndipo ufue. Kuchemsha, kama lazima, ni kwa pamba tupu na baada ya kufua. Nepi yenye plastiki ukiichemsha umeinunulia kaburi.

Ile "sabuni ya mtoto" ya chupa? Nyororo, ndiyo. Kwa soksi na kofia ni nzuri. Kinyesi cha mtoto aliyeanza uji inakitazama tu.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na mengine matano, nitayapitia mbiombio.

Dawa ya kulainisha nguo: hapana. Inapaka nyuzi tabaka lisilonyonya. Siki kwenye maji ya mwisho inafaa, kidogo. Jiki: si kila siku, na kamwe usiichanganye na siki wala ndimu, inatoa klorini. Na usiimwagie nepi zilizolala na mkojo kwenye ndoo iliyofunikwa. Jiki na amonia vinatoa hewa inayochoma mapafu. Suuza mkojo kwanza.

Kuanika: juani, kwenye kamba, msitandaze kwenye nyasi. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, na funza wake anaingia kwenye ngozi ya mtoto. Nepi za pamba zipigeni pasi ya moto.

La mwisho, na hili sitalikimbiza hata mwenyekiti akivunja saa. Nguo na nepi za mtoto wa kwanza ambazo mmezihifadhi sandukuni na vidonge vya naftalini, vile vyeupe vya kufukuza nondo, asivishwe mtoto mchanga. Kuna watoto, na ukanda wetu tunao wengi, wamezaliwa na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu. Naftalini inavunja chembe hizo, mtoto anageuka manjano, na manjano ikipanda sana inafika kwenye ubongo. Mtoto huwezi kumjua kwa kumtazama, na harufu ya naftalini haimalizwi na kufua mara moja. Ziweke kando, tafuta nyingine. Na mtoto mchanga ukimwona macho yana manjano, usisubiri kumwanika jua la asubuhi kama majirani watakavyokushauri. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, na ukifika useme kama nguo zake zilikuwa na naftalini.