Jinsi ya Kuutambua Yeheb na Kuchora Ramani ya Asili Yake

Karibuni, watazamaji. Mmea wetu wa leo ni kichaka cha jangwani cha jamii ya mikunde, ndugu wa kunde na maharage. Jina lake yeheb. Wasomali wenyewe huandika yicib. Shika daftari, tunaanza na jani.

Hatua ya kwanza, tazama vijani. Vimekaa jozi jozi, na nchani hakuna kimoja kilichobaki peke yake. Vikavu, vigumu kama ngozi, na hubaki kijani hata kiangazi kikikaza.

Sasa geuza jani. Nasogeza kamera… hivyo vitone vyekundu unaviona? Sugua kwa dole gumba, taratibu. Angalia kidole changu: kimeshika wekundu. Usiipite haraka hatua hii, maana ndiyo alama kubwa ya mmea huu. Rangi yenyewe ni kali mno. Mbuzi wakiyala majani haya, hata mifupa yao huingia wekundu.

Hatua ya tatu ni ua na ganda. Ua ni la njano, petali tano. Ganda ni fupi, mara nyingi lina mbegu moja au mbili. Wafugaji huzila mbichi au huzichemsha, na ni chakula cha kutegemewa wakati wa njaa.

Nne, andika uainishaji kutoka juu kushuka: familia Fabaceae, familia ndogo Caesalpinioideae, jenasi Cordeauxia, spishi Cordeauxia edulis. Hemsley, mtaalamu wa mimea wa Kiingereza, aliuandika kisayansi mwaka 1907. Jina la jenasi limetokana na Cordeaux, mtawala wa Kiingereza huko Somaliland, aliyekuja kuwa gavana wa Uganda mwaka 1910. Edulis ni Kilatini, maana yake unalika. Jenasi nzima ina spishi hii moja tu, kwa hiyo ukitoweka huu, jenasi imekwisha. Tayari umo kwenye orodha ya mimea iliyo hatarini. Nduguye wa karibu kinasaba ni Stuhlmannia moavi, mti unaoota Kenya na Tanzania.

Mwisho, ramani. Paka rangi Somalia ya kati, kisha vuka mpaka uingie Ogaden, mashariki mwa Ethiopia, kwenye mchanga mwekundu. Ishia hapo. Kenya umewahi kupandwa kwa majaribio, lakini huko weka kinukta tu, usipake rangi: palipopandwa na mkono wa mtu si asili yake.